SOMO: Kuruka rampu kwa ski za maji (soma kabla ya kuja inboksi)

Wakuu, tangu niweke ile video nikiruka huku Florida, swali ni lilelile: "Kaka, mtu anaanzaje?" Naandika mara moja, nisiulizwe tena. Kwa mgeni: ski ni mbao ndefu unazovaa miguuni, boti inakuvuta juu ya maji kwa kamba yenye mpini, unapanda rampu (mteremko unaoelea majini) na kuruka.

1. Ujue kwanza kuteleza kwa ski mbili na kuvuka mawimbi ya boti huku na huku bila kuyumba. Kama bado, ishia hapa.

2. Vaa helmeti na suti nene yenye kinga ya mbavu na mgongo. Ski za kuruka ni ndefu kuliko wewe, azima, usinunue.

3. Anza na rampu ya mita 1.5, dereva anayejua kazi, boti ikienda kilomita 40 na ushee kwa saa. Rampu lazima iwe imelowa. Ikiwa kavu, inang'ang'ania ski huku wewe unaendelea na safari.

4. Iendee rampu moja kwa moja. Mbwembwe baadaye.

5. Juu ya rampu. Hapa ndipo nilipoumia. Mara ya kwanza niliona ule ukuta unanijia, nikafanya wanachofanya waoga wote: nikavuta mpini kifuani, nikakaa kama ninayetafuta kigoda. Mvumo wa maji chini ya miguu ukakatika ghafla, nikasikia "ta!", magoti yakafika kidevuni, ski zikanitangulia. Niliangukia mgongo. Mbavu mbili zilipata nyufa. Wiki sita nililala nimekaa kwenye kochi, na aliyenichekesha nilimchukia. Kwa hiyo kunja magoti kidogo na uyakaze KABLA ya kugusa rampu. Ina kama mita 6 na nusu tu, kwa mwendo huo unaimaliza kwa nusu sekunde. Hakuna kujipanga ukiwa juu yake. Mpini ubaki chini, usawa wa nyonga. Macho kwenye miti ya ng'ambo, si kwenye ncha za ski. USIVUTE KAMBA. Ukihisi unataka kuvuta, achia mpini kabla hujafika, upite pembeni.

6. Hewani tulia. Tua kwa miguu yote miwili, magoti yapokee kishindo.

7. Ruka mara tatu, nenda nyumbani. Ule utamu utakuambia bado una nguvu. Muongo.

MASWALI

Mdau wa Mwanza: Mkuu, siwezi kuanza na rampu ya 1.8 kama wanaume wa mashindano?
— Soma namba 3.

Mdau wa Mwanza: Nimesoma. Nauliza kwa mtu wa jimu.
— Rampu haijali unanyanyua kilo ngapi. Mimi pia nilikuwa mtu wa jimu.

Dada wa Toronto: Kaka, samahani, boti ya mashindano haizidi kilomita 57 kwa saa. Sasa mtu anarukaje umbali wa mita 70?
— Dada, swali hili nimelisubiri. Fikiria jiwe kwenye teo: mkono unasogea kidogo, jiwe linakimbia. Kamba ina mita 23. Mrukaji anatoka kulia, anakata hadi kushoto kabisa, karibu awe sambamba na boti, kisha anageuka na kuirudia rampu kwa nguvu zote. Anaifikia akiwa amepita kilomita 100 kwa saa. Ukingoni anasukuma kwa miguu, hewani anapanua ski umbo la V kama wale warukaji wa ski za theluji. Ndivyo Freddy Krueger wa Marekani alivyovuka mita 75, na Jacinta Carroll wa Australia mita 60.

Dada wa Toronto: Na mwili?
— Mwili unadai. Mgongo wa chini na magoti ndivyo vya kwanza. Bega nalo, ndiyo maana wengi hufunga mkono kwa mkanda ubane ubavuni kamba inapovuta. Mimi nina miaka 41; asubuhi baada ya kuruka nashuka ngazi kinyumenyume. Ila zile sekunde mbili za kimya hewani... Jumamosi nitarudi.

Mdau wa Muscat: Viatu vya ski vinanibana, mguu hauingii.
— Sabuni ya vyombo na maji kwenye chupa, pulizia ndani. Utateleza wenyewe.

Mdau wa Muscat: Nasikia zamani rampu zilipakwa mafuta?
— Kweli. Ralph Samuelson, mwanzilishi wa mchezo huu, kule Minnesota, Marekani, mwaka 1925, aliipaka mafuta ya nguruwe.

Mdau wa Mwanza: Kwa hiyo hata hiyo sabuni naweza kupaka kwenye rampu?
— Wewe tena. Maji tu.