Kumsafirisha mbwa mdogo ndani ya ndege kutoka Dar: anza na chipu, tiketi baadaye

Mimi ni fundi cherehani wa Sinza, na mbwa wangu anaitwa Kashata. Ni chotara mweupe mwenye madoa ya rangi ya karanga zilizokaangwa, ana miaka sita na kilo tano na robo. Nilipoamua kwenda kukaa na binti yangu Utrecht, Uholanzi, sikuweza kumwacha. Tangu baba watoto afariki, Kashata ndiye anayenipokea mlangoni jioni. Nilifika naye salama, amelala chini ya kiti cha mbele yangu usiku kucha. Usiku ule ndio uliokuwa rahisi. Kazi yenyewe ilikuwa miezi mitano ya nyuma yake, na ninaandika ili wewe usirudie nilipokosea.

Nilikosea kwa kununua tiketi kwanza. Niliona bei nzuri ya Machi, nikalipa, kisha Januari nikambeba Kashata kwenda kliniki kuuliza karatasi. Daktari alifungua kadi ya chanjo, akaona amechanjwa kichaa cha mbwa Novemba, akaniuliza, "Mama, chipu aliwekwa lini?" Nikamjibu hana. Pale pale chanjo ya Novemba ikawa haina kazi kwa safari yangu. Kliniki iliyomchanja haikuniambia neno juu ya chipu, nami sikujua kuuliza.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka chipu iwekwe kabla ya chanjo, au siku hiyo hiyo ikitangulia. Sababu yake inaeleweka: chanjo iliyotolewa kwa mbwa asiye na namba ya chipu haiwezi kuthibitishwa kuwa ni ya mbwa huyu. Chipu yenyewe ni kitu kidogo kama punje ya mchele, huingizwa kwa sindano chini ya ngozi katikati ya mabega. Sema unataka ya viwango vya ISO 11784 na 11785, yenye tarakimu 15, kwa sababu mashine za viwanja vya ndege zinasoma hiyo. Ikishawekwa, mwombe daktari aisome mbele yako, kisha wewe mwenyewe linganisha namba na ile iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu moja moja. Mimi niliisoma kwa sauti na daktari akaifuatilia kwa kidole.

Kashata alichipiwa na kuchanjwa upya tarehe 14 Januari. Hapo ndipo saa yetu ilipoanza kuhesabu. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Ulaya inazipunguzia masharti ya kichaa cha mbwa, na ugonjwa huu kweli bado unaua watu kwetu, kwa hiyo chanjo peke yake haitoshi. Zikishapita siku 30 au zaidi tangu chanjo, daktari anamtoa mbwa damu, anatenganisha maji ya damu hiyo, na sampuli inapelekwa ikiwa baridi kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya. Ya kwetu ilikwenda Onderstepoort, karibu na Pretoria, Afrika Kusini. Wanapima kinga, na inatakiwa isipungue uniti 0.5 za kimataifa kwa mililita. Hata majibu yakiwa mazuri, bado huwezi kusafiri: unasubiri miezi mitatu kamili kuanzia siku damu ilipotolewa. Sisi tulitoa damu tarehe 16 Februari, maana yake kabla ya 16 Mei hapakuwa na njia. Tiketi ya Machi nikaisogeza hadi tarehe 2 Juni, na faini nikalipa.

Faida moja ya kipimo hicho ni kwamba ukiendelea kuchanja bila kuchelewa hata siku moja baada ya tarehe ya marudio, hakirudiwi maisha yote ya mbwa. Kwa hiyo kama unafikiria kusafiri mwakani, au hata mwaka wa kesho kutwa, fanya chipu, chanjo na kipimo sasa hivi, uvitunze.

Karatasi ya mwisho ni cheti cha afya, kinachosainiwa na daktari wa mifugo wa serikali. Kinadumu siku 10 tu hadi unapofika mpakani Ulaya, kwa hiyo hakiwezi kufanywa mapema. Kibali cha kumtoa mnyama nchini kiko chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Kiombe wiki kadhaa kabla, ulipie kwa kontroo namba kama malipo mengine ya serikali, ubaki na nafasi ya kurekebisha jina au namba ikikosewa. Cheti chetu kilitoka tarehe 27 Mei. Nilitoa nakala nne za kila karatasi na asili nikaziweka kwenye bahasha ya plastiki niliyoishona mfuko wake ndani ya mkoba wangu.

Unakokwenda kwingine kuna mambo yake. Uingereza haikubali mbwa wa kawaida aingie kwa ndege akiwa na abiria; anaingia kama shehena, isipokuwa mbwa anayemsaidia mlemavu. Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, haipokei mbwa wa chini ya miezi sita, na akitoka nchi yenye kichaa cha mbwa kama yetu anatakiwa kuwa na chipu, fomu zilizothibitishwa na daktari wa serikali, na nafasi iliyowekwa mapema kwenye kituo cha wanyama kinachotambuliwa na CDC, idara yao ya kudhibiti magonjwa, kwenye uwanja wa ndege wenye kituo hicho. Bila kipimo cha damu kinachokubalika, anakaa karantini siku 28. Usichukue maelezo yangu ya Uholanzi ukaenda nayo Houston.

Sasa ndege. Si kila shirika linaruhusu mbwa akae na abiria. Emirates, kwa mfano, kwenye sehemu ya abiria hawachukui mbwa isipokuwa wa kusaidia walemavu. KLM wanaruhusu, mbwa na begi lake visizidi kilo 8 kwa pamoja, na begi lisizidi sentimita 46 kwa 28 kwa 24. Nafasi za wanyama katika kila safari ni chache, kwa hiyo piga simu kwanza, taja uzito, vipimo na aina ya mbwa, ndipo ulipe, na uombe uthibitisho wa maandishi. Kama unabadilisha ndege ya shirika jingine njiani, hilo la pili nalo likubali. Usichukue kiti cha mlango wa dharura wala kile cha mbele kabisa kisicho na kiti mbele yake, hakuna pa kuweka begi. Na mbwa wa pua bapa, kama Pug au Bulldog, pumzi yao ni fupi tangu kuzaliwa; mashirika mengi yanawawekea masharti, na ni haki.

Kwenye begi nina mengi ya kusema, maana ni kazi yangu. Mabegi niliyoyaona madukani yalikuwa ama makubwa kupita kipimo ama yana vyuma vinavyokula uzito. Nikashona. Nilikata turubai jepesi la pamba kwa ubavu na juu, pande tatu nikaweka neti ngumu, ile ya kushonea mabegi ya shule, kwa sababu neti laini mbwa anaitoboa kwa kucha siku moja. Chini niliweka ubao wa plastiki niliokata kutoka kwenye ndoo ya zamani ya rangi, nikauvisha kitambaa ili utoke na kufuliwa. Juu yake makintoshi, hii hii ya akina mama wajawazito, kisha pedi ya wagonjwa wa kitandani inayouzwa duka la dawa, kisha kipande cha khanga yangu nilichokuwa nimekilalia wiki nzima bila kukifua. Hicho cha mwisho usikiache. Harufu yako ndiyo itakayomtuliza gizani.

Zipu iwe ya vichwa viwili, na vichwa vifungwe pamoja kwa kikulabu, maana mbwa anajua kusukuma zipu kwa pua. Ndani shona utepe imara wenye kikulabu cha kunasa kwenye mkanda wa kifuani wa mbwa, kamwe si kwenye kola ya shingoni. Begi likiwa laini juu linabonyea kidogo kuingia chini ya kiti, lakini usilitegemee hilo kudanganya kipimo: mbwa lazima aweze kusimama na kugeuka ndani. Akishindwa, ni mkubwa kwa begi, na hapo shona jingine au panga safari ya sehemu ya mizigo kwa sanduku gumu. Langu tupu lilikuwa na gramu 900.

Kupima uzito sikuhitaji kwenda mbali. Wale vijana wanaokaa Kariakoo na mizani ya kupimia watu waliniona nikipanda mizani na begi mkononi, kisha nikapanda tena mikono mitupu. Toa hesabu ya pili kwenye ya kwanza, umepata. Tulikuwa kilo 6 na nusu na vyote ndani. Pima tena wiki ya mwisho, mbwa wa mtu mwenye wasiwasi hulishwa sana.

Mazoezi yalichukua miezi miwili na sikuyafanya kwa haraka. Wiki ya kwanza begi lilikuwa wazi sakafuni chini ya cherehani, chakula chake nikimwekea ndani. Kisha nikawa nafunga zipu dakika mbili, tano, ishirini, nikiendelea kushona. Mngurumo wa cherehani ulisaidia. Halafu bajaji. Sinza hadi Mwenge, begi limewekwa miguuni kwangu, si mapajani, kwa sababu ndani ya ndege hatakaa mapajani. Bajaji ina kelele, mtikisiko na honi, na mbwa aliyeweza kusinzia humo ndege haimtishi. Safari ya tatu Kashata alilia hadi nikashuka Kijitonyama nikarudi naye kwa miguu. Kesho yake tulikwenda nusu ya njia tu. Mwishoni alikaa usiku kucha akiwa amefungiwa kando ya kitanda changu, ndipo nikaamini.

Watu watakushauri umpe dawa ya usingizi. Usimpe. Hewa ya ndani ya ndege ni kama ya mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400, sawa na kukaa Njombe, na dawa inashusha presha na pumzi huko juu ambako hakuna daktari. Mbwa asiyetulia baada ya mazoezi ya kweli, heri abaki kwa ndugu.

Siku tatu kabla niliacha kumpa dagaa, maana humjaza gesi. Akala wali na kuku wa kuchemsha. Siku yenyewe alikula kidogo saa tano asubuhi, basi, maji akiendelea kupewa kwa kijiko. Jioni tulitembea mitaa ya Sinza saa nzima ili achoke na amalize haja zake.

Usafiri wa kwenda uwanjani panga na dereva unayemjua, umwambie mapema. Dar ina Waislamu wengi ambao mate ya mbwa kwao ni najisi, na kumshtukiza mtu na mbwa mlangoni mwa gari lake si ustaarabu. Dereva wangu alinijibu, "Mama, mimi naswali. Nitandikie kitu, na asitoke begini, mengine sina neno." Nilitandika turubai kiti kizima, na Kashata hakutoka. Tulipita Shekilango, Ubungo, Barabara ya Mandela hadi TAZARA, tukashika Nyerere. Tulitoka saa tano kabla ya ndege na foleni ya Buguruni ilizila mbili.

Jengo la Tatu la abiria kuna ukaguzi wa mashine mlangoni na mwingine baada ya pasipoti. Mbwa hapitishwi kwenye mashine ya mionzi. Mwambie mkaguzi kabla hujafika kwenye mkanda: "Afande, nina mbwa hai ndani ya begi." Mvue chochote cha chuma, funga kamba mkononi mara mbili, mbebe kifuani upite naye, begi tupu lipite peke yake. Kwenye kaunta walipima begi, wakaangalia cheti na kadi, wakanirudishia. Kabla ya kupanda nilimpeleka chooni, nikatandika pedi sakafuni na kusubiri. Alikojoa baada ya dakika kumi, kwa kuwa nyumbani tulikuwa tumeizoea pedi hiyo hiyo.

Ndani ya ndege, kabla sijakaa, nilimsalimia kijana wa kiti cha pili. "Samahani mwanangu, hapa chini nina mbwa, hatatoka. Kama una mzio au imani yako hairuhusu, tumwombe mhudumu atubadilishie." Akasema hana shida. Muulize mwenzako mapema, viti vikiwa bado vinaweza kubadilishwa. Wakati wa kupaa niliingiza vidole kwenye neti. Njiani nilimpa barafu alambe, na ndege ilipoanza kushuka nikampa kipande cha ngozi ya ng'ombe atafune, masikio yasimbane. Sikumfungulia hata alipolia kidogo saa nane usiku. Nilimwita jina, akanyamaza.

Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, ukishachukua mizigo, usifuate watu kwenye njia ya kijani. Pita njia nyekundu ya forodha, hata kama hakuna anayekuita, kwa sababu mbwa aliyetoka nje ya Ulaya lazima atangazwe. Afisa alipitisha mashine juu ya mabega ya Kashata, ikalia, akasoma namba, akatazama cheti, akatazama tena mashine. Tarakimu 15, zote zilezile. Akapiga muhuri. Nikatoka nje ambako kuna baridi hata Juni, nikamfungulia kwenye kijani kilicho pembeni ya barabara, na alikojoa muda mrefu huku ananiangalia.