Kuotesha vipandikizi majini, na jinsi ya kuvihamishia udongoni visife

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia dada yangu. Kwake mizizi ilikuwa inaota vizuri kabisa kwenye chupa, lakini kila mche aliouhamishia kwenye chungu ulinyauka, akaanza kuamini kwamba hana mkono wa kupanda. Mkono anao. Kuotesha mizizi majini ni kazi nyepesi, na vipandikizi vingi hufa siku chache baada ya kuingia udongoni. Kwa hiyo hatua za mwanzo nitazipitia haraka, tuje tukae kwenye ile ya nne.

Hatua ya 1: Chagua mmea unaokubali maji

Anza na mimea ya mapambo ya ndani kama pothosi, filodendroni ya majani yenye umbo la moyo, tradeskantia au koliusi. Tradeskantia huweza kutoa mizizi ndani ya wiki moja. Pothosi huchukua wiki mbili hadi nne. Monstera pia hukubali. Sansevieria huota, ila inaweza kukaa miezi bila kuonyesha chochote. Na kama sansevieria yako ina ukingo wa njano, kipande cha jani kitakuzalia mche wa kijani kitupu. Ukiutaka huo ukingo, gawanya mmea wenyewe kuanzia shina lililo chini ya udongo. Mishubiri na dungusi usiviweke majini, vitaoza.

Hatua ya 2: Kata chini ya kifundo

Chukua shina la pothosi ulisogeze kwenye mwanga. Pale jani linapoungana na shina pamevimba kidogo. Hicho ndicho kifundo. Ukikigeuza utaona kinundu cha kahawia kilichojitokeza upande mmoja, kigumu ukikigusa kwa ukucha. Huo ni mzizi unaosubiri maji. Jani lililokatwa na kikonyo chake tu, bila kifundo, linaweza kukaa bichi kwa miezi na hata likatoa mizizi, lakini halitatoa shina kamwe. Watu wengi hutunza jani la namna hiyo mwaka mzima wakisubiri chipukizi ambalo haliwezi kuja.

Kata nusu sentimita hadi sentimita moja chini ya kifundo, na ubakize angalau jani moja zima juu. Homoni inayoamsha mizizi, oksini, hutengenezwa zaidi kwenye ncha na majani machanga, kisha hushuka na kukusanyika penye mkato. Kwa mimea niliyoitaja, inayojitengenezea ya kutosha, sioni sababu ya kununua unga wa homoni, na isitoshe unga huo ukiingia majini unaoshwa.

Tumia wembe mpya uliofutwa kwa spiriti. Mkasi siupendi kwa kazi hii, kwa sababu unabana shina kabla ya kulikata, na sehemu iliyopondeka ndiyo inayotangulia kuoza. Ukimaliza nawa mikono. Utomvu wa pothosi, filodendroni na monstera una chembe za kalsiamu oksaleti zinazowasha ngozi na mdomo, kwa hiyo mabaki usiyaache mahali ambapo mtoto au paka atayafikia.

Hatua ya 3: Chupa na maji

Chupa ya shingo nyembamba, ikiwezekana ya kioo cha kahawia ili mwani usiote. Bakuli pana halifai, shina linalala na majani yanaingia majini. Zamisha kifundo kimoja au viwili, majani yote yabaki nje. Maji ya bomba yanatosha. Yakinuka klorini yaache wazi usiku kucha. Usitie sukari wala asali.

Badilisha maji kila baada ya siku tatu au nne, hata kama yanaonekana safi. Oksijeni husafiri majini polepole mno ikilinganishwa na hewani, na mzizi unapumua kama jani linavyopumua. Kila unapobadilisha, pitisha kidole taratibu kwenye shina uondoe utelezi. Ncha ikilainika na kuwa kahawia, kata hadi ufike kwenye sehemu ngumu, osha chupa, anza upya. Weka penye mwanga mwingi, lakini jua lisiipige chupa moja kwa moja.

Hatua ya 4: Kuhamia udongoni

Hamisha mizizi ikiwa na urefu wa sentimita 3 hadi 5 na imeanza kutoa vijitawi. Usisubiri ijae chupa kwa sababu inapendeza. Mizizi iliyokulia majini ni laini, inavunjika upesi, na ina vinyweleo (nyuzi ndogo mno za kunyonya maji) vichache. Udongoni maji hukaa kama utando mwembamba kati ya punje, na vinyweleo ndivyo vinavyoyafikia. Hivyo sehemu ya mizizi ya zamani hufa, mmea unaota mingine, na katikati hapo kuna wiki moja hadi mbili ambazo majani yanapoteza maji kuliko mizizi inavyoweza kuleta. Kila ninachokueleza hapa chini ni cha kuvusha mche kipindi hicho.

Udongo uwe mwepesi: nyuzi za nazi na perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mawe ya volkano) nusu kwa nusu, au mboji iliyochekechwa ikachanganywa na mchanga wa chenga kubwa. Udongo wa bustani peke yake unashikamana na kufukuza hewa. Uloweshe kabla ya kupanda. Ukiuminya mkononi utoe tone moja au mawili tu.

Chungu kiwe kidogo, kiizidi mizizi kwa sentimita 2 hivi kila upande, na lazima kiwe na tundu chini. Chungu kikubwa kinabaki na maji mahali ambapo hakuna mzizi wa kuyanywa, na uozo huanzia huko.

Usitoboe shimo ukasukumiza mizizi ndani. Ushike mche ukining'inia ndani ya chungu kitupu, kisha nyunyiza udongo kuuzunguka mpaka ufunike kifundo. Usiukandamize kwa kidole gumba. Gongagonga chungu mezani, umwagilie kidogo, udongo utajipanga wenyewe. Mche wenye jani zito, kama wa monstera, ufungie kijiti, maana kila unapoyumba mizizi inakatika.

Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, usimamishwe na vijiti usiguse majani. Ufungue dakika chache kila siku, na kuanzia wiki ya pili uuache wazi muda mrefu zaidi kila siku hadi uuondoe.

Tahadhari kuhusu kumwagilia: ushauri wa kuacha udongo ukauke kwanza ni wa mmea uliokomaa. Mche huu ulitoka majini, kwa wiki mbili za kwanza udongo wake ubaki na unyevu wakati wote, bila kutota. Jani likilegea, gusa udongo kabla ya kushika kopo. Ukiwa na unyevu, usiongeze maji. Rudisha mfuko na usogeze chungu mbali na jua. Shina likiwa laini kwenye usawa wa udongo, huo ni uozo: kata juu yake penye kifundo kizima, urudi kwenye chupa.

Na usiuvute mche kupima kama umeshika, unakata vinyweleo vilevile unavyovisubiri. Jani jipya likikunjuka ndiyo dalili. Hapo ndipo mbolea inaweza kuanza, nusu ya kipimo.

Hatua ya 5: Ukitaka ubaki majini

Inawezekana, pothosi huishi kwenye chupa kwa miaka. Mizizi ikishajaa, tia mbolea ya maji robo ya kipimo mara moja kwa mwezi, siku unayobadilisha maji, na uhamie kwenye chupa pana kidogo kabla mizizi haijasokotana shingoni.