Kompyuta Inazima Ukirenda au Ukicheza Gemu: Jinsi ya Kumpata Mkosaji

Kutwa nzima unaandika, unavinjari, unatazama video, na mashine haina shida. Ukianza kurenda (kutengeneza picha au video ya mwisho ya 3D) kwenye Blender au ukiingia kwenye gemu zito, dakika kumi hazifiki imezima. Wengi hapo huweka Windows upya, isiposaidia wakanunua kadi ya grafiki nyingine. Usitoe hela bado. Namna mashine inavyozima inakuonyesha pa kuanzia.

Hatua ya 1: Chunguza inavyozima

Ikikatika papo hapo kama umeme uliokatwa, au ikijiwasha upya bila ujumbe wowote, anza na pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta). Skrini ikiwa nyeusi huku sauti inaendelea, shuku kadi ya grafiki au draiva yake (programu inayoiendesha). Skrini ya bluu yenye ujumbe tofauti kila mara, mara nyingi huwa ni ramu (memori ya kompyuta). Programu ikijifunga peke yake huku Windows iko sawa, inaweza kuwa ramu, prosesa (chipu kuu ya kompyuta), au memori ya kadi imejaa.

Kisha bonyeza Windows + R, andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs halafu System, utafute dakika ileile iliyozima. Utakuta Kernel-Power 41. Huo usikutishe: unasema tu kwamba Windows haikuzimwa kwa utaratibu, haumtaji aliyeizima. Cha maana ni kilichoandikwa karibu yake. Display 4101 maana yake draiva ya kadi iliacha kujibu ikabidi iamshwe upya. Kwa kawaida Windows huisubiri kadi sekunde 2 tu. WHEA-Logger ni hitilafu iliyoripotiwa na vifaa vyenyewe, mara nyingi prosesa.

Hatua ya 2: Pima joto

Fungua HWiNFO64 (programu ya kusoma joto na hali ya vifaa) upande wa sensa, washa kurekodi kwenye faili, kisha renda mpaka izime. Soma mistari ya mwisho ya faili hilo. Prosesa nyingi hupunguza kasi zikifika nyuzi 95 hadi 100, na kadi nayo hujipunguza kabla ya kuzima. Kwa hiyo kama vyote vilikuwa kwenye 70 mashine ilipokatika, joto si mkosaji. Nenda hatua ya 3.

Kama joto liko juu, puliza vumbi, lakini shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Tazama pia pengo kati ya joto la kawaida la kadi na lile la Hot Spot, yaani sehemu yenye joto zaidi kwenye chipu yake. Likizidi nyuzi 30, huenda pesti ya joto ya kadi imekauka au hitisinki (chuma cha kupoozea) haijakaa vizuri.

Hatua ya 3: Umeme

Hapa ndipo mashine nyingi zinazokatika ghafla hukutwa na tatizo.

Soma lebo ya pawa saplai, na usiishie kwenye namba kubwa ya mbele. Tafuta mstari wa 12V na uzidishe ampea zake kwa 12. Boksi linaweza kuandikwa 450W huku 12V ina ampea 20 tu, yaani wati 240, na prosesa na kadi hula karibu umeme wao wote hapo. Kadi ya RTX 3070, kwa mfano, imepangiwa wati 220, na NVIDIA inashauri pawa saplai ya wati 650. Nafasi hiyo ya ziada ina sababu: kwa milisekunde chache kadi huweza kuvuta mbali zaidi ya wati zake za kawaida, na pawa saplai dhaifu hujikata ili kujilinda.

Zima, chomoa waya ukutani, kisha kagua nyaya za kadi. Soketi ya kadi kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) hutoa wati 75, plagi ya pini 6 wati 75, ya pini 8 wati 150. Kadi yenye plagi mbili ipe nyaya mbili tofauti kutoka pawa saplai, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Chomoa kila plagi uitazame kwenye mwanga: plastiki iliyobadilika kuwa kahawia au kulainika kwenye tundu moja inaonyesha mgusano mbaya. Adapta za kugeuza plagi ya SATA (ya diski) kuwa plagi ya kadi ziondoe kabisa. Pawa saplai yenyewe usiifungue, kapasita zake hubaki na chaji hatari hata ikiwa imechomolewa.

Kompyuta ndogo za ofisini zinazouzwa zikiwa zimetumika, kama Dell OptiPlex za kasha jembamba, nyingi huja na pawa saplai za wati 180 hadi 260. Humo weka kadi isiyohitaji plagi ya ziada tu.

Usiisahau UPS, betri ya akiba ya umeme ukatikapo. Nyingi za 650VA hubeba chini ya wati 400. Mashine ikirenda pamoja na monita inazidiwa, inakata. Chomeka moja kwa moja ukutani ujaribu.

Kipimo kizuri: kwenye MSI Afterburner (programu ya kurekebisha kadi) shusha Power Limit, kikomo cha umeme wa kadi, hadi 70%. Ikiacha kuzima, na joto halikuwa juu tangu mwanzo, azima pawa saplai nzuri uhakikishe.

Hatua ya 4: Ramu na draiva

Zima XMP au EXPO (mipangilio ya kuongeza kasi ya ramu) kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mazabodi, kisha endesha MemTest86 (programu ya kupima ramu) kutoka kwenye flashi, mizunguko minne. Kosa hata moja halikubaliki. Jaribu kijiti kimoja kimoja. Draiva ya kadi ifute kwa DDU (programu ya kufuta draiva kabisa) ukiwa Safe Mode, intaneti imezimwa, ndipo uweke mpya.

Ukiwa na Intel ya kizazi cha 13 au 14

Prosesa za kompyuta za mezani za vizazi hivyo, hasa Core i7 na i9, zilipata tatizo la volteji lililozichakaza, na gemu huweza kudai memori ya kadi imeisha wakati anayeumwa ni prosesa. Mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho ya 0x129, kisha 0x12B, yanayokuja kupitia BIOS ya mazabodi. Yaweke mapema, kwani prosesa iliyokwisha kuharibika hayaiponyi. Hiyo idai kwenye waranti.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha renda faili lilelile kwa saa nzima kabla ya kugusa kingine.