Tunutu wa kereng'ende: namna ya kuwatenganisha na kuwaandika wale wanaofanana

Vijana wanaokuja kuchota na vichujio kwenye mabwawa ya huku Morogoro huanza na rangi. Mimi huwaambia waisahau. Tunutu, yaani kereng'ende mchanga anayeishi majini, hufanana na mahali alipolala: kwenye tope ni kahawia, kwenye magugu ni kijani, na akiwa ametoka kujivua gamba ni mweupe. Wote hao wanaweza kuwa spishi moja.

Chagua waliofika hatua ya mwisho ya ukuaji, ambao vifuko vya mabawa vimelala mgongoni hadi karibu na katikati ya tumbo. Wadogo warudishe majini. Nywele za mdomoni huongezeka kadiri wanavyojivua gamba, kwa hiyo kulinganisha mdogo na mkubwa ni kujipotosha.

Msafishe kwa brashi laini, kisha shika lenzi ya mkono, au hadubini kama ipo. Mdomo wa chini ndio wenye habari nyingi. Hukunjwa chini ya kichwa na kurushwa mbele ghafla kukamata mawindo. Ukiwa umefunika uso kama kijiko, kuna uwezekano mkubwa kwamba uko kwenye familia ya Libellulidae, na huko ndiko kwenye kazi. Ukunjue kwa sindano, uhesabu nywele ngumu za kulia na za kushoto, maana pande mbili hazilingani kila mara. Nywele iliyokatika huacha kitundu, nacho kihesabu.

Halafu mlaze ubavu. Miiba ya mgongoni haionekani vizuri kutoka juu. Kwa ubavuni, mwanga ukiwa nyuma, hujichora yenyewe. Madume ya spishi mbili za familia hiyo, Trithemis arteriosa na Crocothemis erythraea, yote ni mekundu, na watu huyachanganya yakiwa yanaruka. Tunutu wao hawana ugomvi huo: Trithemis huyo ana miiba katikati ya mgongo, Crocothemis hana.

Pantala na Tramea, jenasi nyingine mbili za familia hiyo, ni wagumu zaidi. Wote wana miiba mirefu ya pembeni kwenye pingili ya 8 na ya 9 ya tumbo. Hapo nenda mkiani, kwenye vile vipande vyenye ncha. Kwa Pantala, kipande cha juu hulingana na viwili vya chini au huvipita. Kwa Tramea ni kifupi kuliko hivyo vya chini.

Ila ukitaka kutenganisha spishi moja ya Trithemis na nyingine, lenzi peke yake haitoshi. Mimi huandika "Trithemis" nikaishia hapo, mpaka nimfuge. Kila mmoja akae kwenye chupa yake, kwani hulana, awe na maji ya bwawa lilelile na kijiti kinachochomoza juu ya maji, na chupa ifunikwe chandarua. Viluwiluwi vya mbu vinamtosha kwa chakula. Akiacha kula na vifuko vya mabawa vikavimba, yu karibu kutoka, mara nyingi usiku au alfajiri. Usimguse siku hiyo; mwache akauke na kukomaa rangi angalau siku nzima, la sivyo mabawa hunyauka na huwezi kumtambua. Gamba aliloliacha ndilo utakaloandika maelezo yake, ukiwa na uhakika wa mwenyewe.

Katika maelezo, taja upana wa kichwa, urefu wa mwili bila papasi, na urefu wa paja la nyuma, vyote kwa milimita. Mwiba wa pingili ya 9 ulinganishe na urefu wa pingili yenyewe; "mrefu" tupu haimsaidii msomaji. Pima magamba kadhaa, utoe kiwango cha chini na cha juu. Chora kwa juu, kwa ubavu, na mdomo peke yake.

Tunutu mzima mhifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70 hadi 80. Lebo iandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka humo: tarehe, mahali, mwinuko, aina ya maji. Gamba na kereng'ende aliyetoka ndani yake wapewe namba moja.