Kuwasiliana na Kijana Aliyeko Mafunzoni JKT
Mzazi ambaye kijana wake amehitimu kidato cha sita na kuitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) nchini Tanzania kwa mujibu wa sheria, katika mafunzo yaliyorejeshwa mwaka 2013, ajiandae kwa ukimya wa wiki za mwanzo, kwa kuwa kuruta, yaani kijana aliye mafunzoni, hana uhuru wa kutumia simu apendavyo. Kabla hajapanda basi kwenda kambi ya Ruvu, Mafinga au Oljoro, hakikisha ameandika namba zenu kwenye daftari, maana vijana wengi siku hizi hawazikariri. Akipiga, pengine kwa dakika chache tu, msikilize kwanza; habari za madeni ya nyumbani zingoje. Ukimya ukizidi, ulizia kikosini kwa utaratibu, wala usisikilize uvumi. Mwandikie pia barua fupi yenye habari za wadogo zake.