Kabla ya kuunganisha kihisi cha miliampia 4–20 kwenye Raspberry Pi: mambo ya kuzingatia

Kihisi cha aina hii hutuma kipimo chake kama mkondo wa umeme: miliampia 4 ni tupu, 20 ni kipimo cha juu. Anza na swali moja: nani anasukuma mkondo? Jibu lipo kwenye kibandiko cha kihisi na kwenye karatasi iliyokuja nacho, na lijulikane kabla hujanunua hata resista moja. Vihisi vya waya mbili, kama vile vya kuzamishwa vinavyopima kina cha maji kwenye visima na matangi, havina umeme wao. Vinaishi kwa volti za mzunguko uleule vinaopimia. Chanya ya volti 24 inaingia kwenye kihisi, mkondo unatokea waya wa pili, unapita kwenye resista ya kupimia, kisha unarudi kwenye sifuri (upande hasi, GND) ya pawasaplai. Vihisi vya waya nne, kama mita nyingi za mtiririko, vina umeme wao na aghalabu vinasukuma mkondo vyenyewe. Hivyo ukivipelekea volti 24 kwenye skrubu za tokeo unaweza kuviunguza.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, haina ingizo la analojia, na pini zake hazivumilii zaidi ya volti 3.3. Unahitaji chipu ya kugeuza volti kuwa namba. ADS1115 inafaa: ina biti 16 na njia nne, na inazungumza na Pi kwa I2C (mawasiliano ya nyaya mbili kati ya chipu) kwenye anwani 0x48. Iwashe kwa volti 3.3, si 5, kwa sababu vibao vyake vingi vina resista zinazovuta laini za I2C hadi volti inayokiwasha kibao, na volti 5 zikifika kwenye pini za Pi zinaiharibu.

Resista ya kupimia iwe omu 100. Mkondo wa miliampia 4 utatoa volti 0.4, na wa 20 utatoa volti 2.0. Ukiweka kipimo cha chipu (volti ya juu kabisa inayoweza kusoma) kwenye volti 4.096, hatua moja ni milivolti 0.125, kwa hiyo miliampia 4 inasomeka 3200 na miliampia 20 inasomeka 16000. Kwa tangi la mita 10, kila hatua ni chini ya milimita moja. Usivutiwe na kipimo cha volti 2.048 eti kwa sababu ni kikali zaidi. Kinajaa kwenye miliampia 20.48, na ishara ya hitilafu ya miliampia 21 hutaiona kamwe.

Tafuta resista ya usahihi wa asilimia 0.1 yenye badiliko la sehemu 25 kwa milioni kwa kila digrii. Ya kawaida ina 100. Ndani ya boksi linalopigwa na jua, likipanda kutoka digrii 25 hadi 50, hiyo ya kawaida inaweza kukudanganya sentimita 3 tangi la mita 10 likiwa limejaa. Ukizunguka Kariakoo ukapata ya asilimia 1 tu, ichukue, ipime kwa multimita nzuri, na uandike thamani halisi kwenye programu. Kosa la kuanzia litaondoka, ila la joto litabaki, basi boksi likae kivulini.

Kati ya resista ya kupimia na chipu weka kinga: resista ya kilo-omu 4.7, kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenda sifuri, na dayodi mbili za Schottky, moja kwenda volti 3.3 na nyingine kwenda sifuri. Siku fundi atakapogusisha waya mbili za kihisi, volti zote 24 zitaangukia omu 100: miliampia 240, karibu wati 6, na resista ya robo wati inaungua papo hapo. Fyuzi ya miliampia 63 kwenye kila mzunguko ni kinga ya bei ndogo sana. Dayodi ya zena ya volti 3.3 usiitumie hapa, maana huanza kuvuja kabla ya kufika volti zake na inapinda vipimo vya juu.

Sasa hesabu ya volti, ambayo watu wengi huiruka. Kila kitu kwenye mzunguko kinakula sehemu yake. Kwa pawasaplai ya volti 24, resista ya omu 100 inakula volti 2, na kebo ya milimita za mraba 0.5 yenye urefu wa mita 100 inakula kama volti 0.15 kwenda na kurudi. Kihisi kinabaki na zaidi ya volti 21, kinatosheka. Lakini chukua kihisi kinachodai volti 10 na ukiwashe kwa betri ya volti 12. Betri ikishuka hadi 11.5, zinabaki volti 1.5 za kugawia omu 100, yaani miliampia 15. Tangi litaonekana kupanda vizuri hadi asilimia 69, kisha mstari wa grafu unalala. Maji yanaendelea kupanda, pampu haizimiki, na kihisi hakina kosa lolote.

Kama mzunguko tayari unalisha PLC (kompyuta ya viwandani inayoendesha pampu), resista yako inaingia kwa mfululizo, na ya PLC mara nyingi ina omu 250, volti 5 nyingine. Zijumlishe. Na kabla ya kufungua skrubu yoyote, mwambie mwendeshaji ahamishie pampu kwenye uendeshaji wa mkono, kwa sababu ukikata waya PLC itaona hitilafu.

Sifuri ya pawasaplai ya volti 24 na sifuri ya Pi ziungane sehemu moja tu, la sivyo namba zitarukaruka bila mpango. Ngao ya kebo ifungwe ethi upande wa boksi pekee. Kebo ya kihisi isilazwe kwenye trei moja na nyaya za mota inayoendeshwa na draivu ya kubadili kasi.

Kihisi cha kuzamishwa kinachopima kwa kulinganisha na hewa ya nje kina kijibomba chembamba ndani ya kebo kinacholeta hewa hiyo. Mwisho wake uishie kwenye boksi kavu lenye silika jeli, na usizibwe kwa gundi wala tepu. Dar es Salaam unyevu ni mwingi mwaka mzima, na masika ya Machi hadi Mei hulowesha silika upesi, hivyo iangalie kila mwezi. Kijibomba kikiziba, utaona tangi lililotulia likipanda na kushuka sentimita mbili tatu kwa siku, kilele saa nne asubuhi na tena saa nne usiku. Hilo ni wimbi la kila siku la kanieneo ya hewa ya ukanda wa tropiki: hektopaskali moja ni sawa na sentimita moja ya maji. Karibu na bahari, kama Msasani au Kigamboni, chagua boksi la IP65 (lisilopitisha vumbi wala maji ya kurushwa) lenye glandi, yaani viingilio vya kebo, zinazotazama chini, maana chumvi inakula skrubu.

Umeme ukikatika Pi ikiwa inaandika, kadi ya SD inaweza kuharibika. Weka UPS ndogo, na programu iandike kwa mafungu. Ongeza saa ya DS3231 yenye betri, kwani Pi 4 ikiwaka bila intaneti haijui saa.

Kwenye programu, kina ni miliampia ukitoa 4, gawa kwa 16, zidisha kwa kipimo cha juu cha kihisi. Chini ya miliampia 3.6 au kuanzia 21 ni hitilafu, si kina. Ukiacha 0 isomeke kama tangi tupu, waya ukikatwa na panya pampu itawaka na kumwaga maji usiku kucha.

Kabla ya kufunga kihisi chenyewe, kiigize kwa resista kutoka volti 24: kilo-omu 5.9 (5.6 na omu 300) inatoa miliampia 4, kilo-omu 1.9 inatoa 12, na kilo-omu 1.1 ya wati moja inatoa 20. Weka multimita kwa mfululizo na ulinganishe na namba ya programu. Zikipishana zaidi ya miliampia 0.05, rudi kwenye resista ya kupimia na kwenye sifuri kabla ya kupanda juu ya tangi.