Jinsi ya kumshawishi bosi asaidie watu waje kazini bila kuchafua hewa

Kosa la kwanza ni kwenda kwa bosi na hotuba ya mazingira. Ataitikia, atasema wazo zuri sana, mwezi unaisha hakuna kitu. Nimeshafanya hivyo mimi, najua. Muongeleshe kuhusu maegesho, hela yake iko hapo.

Kabla hujaenda, uliza wenzako maswali manne tu: unakuja na nini, unatoka umbali gani, unatoka nyumbani saa ngapi, na nini kingekufanya uache gari. Ukiweka maswali ishirini hakuna atakayejaza. Kuna watu wanaokaa karibu kabisa na bado wanawasha gari, na hizo safari fupi ndo mbaya zaidi kwa kila kilomita, kwa sababu injini ikiwa ya baridi kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye egzosi hakijapata joto bado, kwa hiyo mtu anaendesha kilomita mbili tatu na sehemu kubwa ya njia anamwaga moshi mchafu.

Sasa maegesho. Anayekuja na gari peke yake anapewa nafasi ya bure inayolipiwa na kampuni, anayekuja na basi au kwa miguu hapewi chochote. Si ndo tunamlipa mtu achafue hewa hapo? California walitunga sheria mwaka 1992, kwamba baadhi ya waajiri wanaokodi maegesho na kuwapa wafanyakazi bure lazima wampe pesa taslimu asiyetaka nafasi hiyo. Muombe bosi kitu kama hicho, mtu achague nafasi au hela. Nafasi zikipungua na yeye anakodi chache, hapo atakusikiliza.

Kwa wa baiskeli omba sehemu salama ya kufungia, bafu na kabati la nguo, hakuna anayetaka kuingia kikaoni na jasho. Uingereza tangu 1999 kuna utaratibu ambao mwajiri anampa mfanyakazi baiskeli halafu anakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara kabla ya kodi, waulize watu wa HR kama sheria zenu zinaruhusu.

Ila kitu ambacho wengi wanasahau ni usafiri wa dharura. Mtu haachi gari sababu anawaza mtoto akiumwa shuleni saa nane atafikaje? Kampuni iahidi kulipia teksi siku kama hiyo. Inatumika mara chache, lakini ile ahadi ndo inamtoa mtu wasiwasi.

Bosi akisema basi tununue magari ya umeme tumalize, mwambie sawa, hayana moshi, ila matairi na breki bado vinatoa vumbi, na foleni iko palepale. Akiuliza kwa nini hewa imekuwa ishu, una jibu fupi: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha mwaka cha vumbi laini la PM2.5, lile linaloingia mpaka ndani ya mapafu, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Usizidishe hapo.

Usiombe mpango wa milele. Omba miezi mitatu, idara moja. Na uhesabu magari getini kabla hamjaanza, siku ileile ya wiki utakayohesabu mwishoni, la sivyo atakuambia yamepungua sababu ya likizo.